Pini ya Nywele

Sikuwa nikitafuta ushairi. Nilikuwa natafuta choo.
Huddersfield, Februari, mvua imeingia mpaka kwenye soksi,
nikashuka ngazi za duka la Lascelles, chini ya kinyozi,
naye akaweka santuri bila kuniuliza.

Ngoma ikapiga mara moja, ikanyamaza
kama mtu aliyepiga hodi kisha akasita.
Besi ikaja taratibu, ikaniketia kifuani.
Nikangoja mwimbaji. Hakuna aliyeimba.
Mwanamke akaanza kusema.

Kusema, nasema. Sauti ya mtu anayehesabu chenji
mbele ya mwenye duka asiyemwamini:
zamu ya usiku, kiwanda cha sufu,
manyoya ya kondoo wa watu ndani ya mapafu yangu,
msimamizi ananiita kwa namba ya mashine,
pauni thelathini na moja, toa kodi, toa nauli, toa makaa,
na kila alipotoa, besi ilijibu
bado
bado
bado.

Choo nikakisahau.

"Ismay Dunkley," akasema Lascelles. "Nakala mia mbili,
mwaka wa sabini na tisa, basi. Hii haiuzwi."
Akairudisha kwenye jalada
kama anayemvika mtoto koti.

Mimi fundi wa mashine za kufulia.
Kazi huniingiza jikoni mwa watu,
na aliye jikoni huiona sebule.
Miaka kumi na moja nimepiga magoti kwenye vigae,
Batley, Dewsbury, Chapeltown,
mkono ndani ya bomba, mdomo unauliza:
mama, zile santuri nyuma ya kochi ni za nani?
Nikaonyeshwa nyimbo za Krismasi. Nikaonyeshwa mahubiri.
Bwana mmoja wa Keighley alizipasha zake moto
akazikunja zikawa vyungu vya maua;
nikakiinua kimoja, udongo ukanimwagikia,
nikasoma lebo. Si yeye. Nikashusha pumzi.
Moja niliilipia pauni tisini, kwa posta, kutoka Toronto.
Jalada lilikuwa lake. Ndani, kwaya ya maskauti.
Yolande, mke wangu, alicheka hadi akakaa sakafuni.
"Heri ungekuwa na hawara," akasema,
"yeye angalau angepatikana."
Wanaosema mtafutaji hachoki
hawajabeba sanduku la spana.

Kisha mashine ikavuja Lockwood, ghorofa ya tatu.
Mpira wa mlango umechanika, kazi ya dakika ishirini.
Kwenye karatasi: C. Dunkley.
Sikuthubutu kuuliza mpaka sakafu ilipokauka.
"Ni mama," akasema Coralee. "Yule pale, anatazama farasi."

Santuri ilikuwa kabatini
katikati ya picha za eksirei za mapafu yake,
nyeusi kwa nyeusi; Coralee alitoa kwanza mbavu,
akaomba radhi, akatoa muziki.

Tukaiweka. Toa kodi, toa nauli, toa
tk
ikaruka mstari mzima, ikatua kwenye bado.
Tukairudisha. Tk. Bado.
Mstari ule niliusikia mara moja tu, siku ile ya mvua,
na kichwani sikuwa nao, nilikuwa na joto lake tu.

Nikauliza, kwa adabu, pale ulisema nini?
Bi Ismay hakuondoa macho kwenye runinga.
"Pale nilisema upuuzi.
Nikaomba kurudia, wakaniambia muda wa studio umekwisha."
Akatia mkono kwenye nywele zake nyeupe,
akachomoa pini, akanionyesha ncha.
"Niliyoifikia, niliikwaruza. Nyumba kwa nyumba.
Nilikuwa naomba maji ya kunywa."
Farasi wake akaja wa nne. Akasonya.

Sikumwambia habari za Lascelles.

Jumamosi iliyopita nimekwenda kwa yule kinyozi,
nikakaa kitini, nikanyolewa,
miguu yangu ikisikia besi ya mtu mwingine chini ya mbao,
na mimi kipara tangu mwaka juzi.